Uhalifu si tetemeko la ardhi

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, polisi waruhusiwe kutumia programu ya kompyuta inayotabiri uhalifu kabla haujatokea? Kwa nyumba, labda. Kwa watu, hapana.

Nianze na hizo nyumba, kwa sababu hapo hesabu zina ukweli wake. Mwizi aliyevunja nyumba akafanikiwa hupenda kurudi mtaa uleule siku chache baadaye, pengine kwa jirani. Ameshajua pa kuingilia na pa kutokea. Programu ya PredPol, iliyoanza kutumiwa Santa Cruz, California, mwaka 2011, ilijengwa juu ya tabia hiyo. Waliobuni waliazima hesabu za wataalamu wa matetemeko: kubwa likipita, madogo hufuata karibu na palepale. Wakaingiza aina ya kosa, mahali na saa, ramani ikatoa vijisanduku vya kama mita 150 kwa 150, askari wa doria akaambiwa apite hapo.

Wazo zuri, nakiri. Ila mtaalamu wa matetemeko akiongeza vipimo sehemu fulani na kuanza kunasa hata mitikisiko midogo, anajua kwamba ameongeza masikio, si kwamba ardhi imechafuka. Daftari la polisi halina busara hiyo. Aliyevunjiwa nyumba huenda kituoni mwenyewe kuripoti. Nani huenda kuripoti kwamba amevuta bangi? Kosa hilo huandikwa pale tu askari alipomkuta mtu nayo. Alikopita ndiko kulikoandikwa, na kulikoandikwa ndiko programu inakomrudisha kesho.

Mwaka 2016 watafiti Kristian Lum na William Isaac walipitisha rekodi za polisi za dawa za kulevya za mji wa Oakland, California, katika hesabu za namna hiyo. Kwa makadirio ya utumiaji, weusi na weupe walikaribiana. Hata hivyo weusi wangefuatwa na doria karibu mara mbili ya weupe. Hakuna aliyeiambia kompyuta ibague. Ilisoma tu daftari ililopewa.

Kuhusu watu, mfano ni Chicago. Polisi wa huko walikuwa na orodha iliyompa kila aliyemo alama ya uwezekano wa kupiga risasi au kupigwa. Ona hiyo "au": mhanga na mshukiwa kwenye karatasi moja! Taasisi ya utafiti ya RAND ilipochunguza toleo la mwanzo la orodha hiyo, ikachapisha matokeo mwaka 2016, haikuona waliomo wakinusurika zaidi na mauaji. Ilichoona ni kwamba walielekea zaidi kukamatwa kwa kesi za kupiga risasi. Orodha ya kukinga ikawa pa kuanzia msako.

Na usahihi wenyewe? Huko Plainfield, New Jersey, waandishi wa habari walikagua tabiri 23,631 za programu ileile ya vijisanduku. Zilizolingana na kosa lililoripotiwa baadaye hazikufika 100. Santa Cruz yenyewe, ilikoanzia, iliipiga marufuku mwaka 2020.

Kwa hiyo "labda" yangu ni nyembamba. Nakubali ramani ya wizi wa nyumba inayotokana na ripoti za wenye nyumba, isiyochanganywa na dawa wala uzururaji, na isiyo na jina la mtu hata mmoja. Halafu sioni kwa nini kijisanduku kikiwaka lazima kijibiwe na askari. Nyumba mbili zimevunjwa mtaa mmoja wiki hii? Majirani wajulishwe jioni hiyohiyo, taa ya njiani iliyoungua ibadilishwe, kitasa kilicholegea kikazwe. Mwizi akirudi akute mlango haufunguki, hata kama hakuna gari la polisi lililopita.