Mzee kaandikiwa dawa za moyo, cheti bado kiko mfukoni

Pole ndugu yangu. Umesema baba hapo Ngamiani kaandikiwa amlodipine (ya presha), atorvastatin (ya mafuta kwenye damu) na aspirin (ya kuzuia damu isigande) wiki tatu sasa na hajanunua hata kidonge kwa sababu "hasikii kitu". Ndo presha ilivyo hiyo, haiumi, mtu anabeba mpaka siku mdomo unapinda kwa kiharusi, na mimi namwelewa mzee maana marehemu mamangu alikua anakikunja cheti kidogo kidogo anakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, tukimuuliza anasema kesho, kumbe aliulizia bei mara moja dirishani akaona aibu kurudi.

Kwahiyo usianze kumgombeza, muulize kwanza taratibu kama ni hela au ni woga, wengi wanaamini ukianza dawa za presha umeshajifunga maisha. Kama ni hela nenda na cheti mwenyewe famasi, usiitaje kwa jina la kampuni, sema nataka amlodipine ya kawaida, ni dawa ileile na bei inashuka sana. Kama ana bima uliza ipi inalipiwa. Ikishindikana kununua zote rudini kwa daktari awaambie ipi ianze, msichague wenyewe, na aspirin hasa kama ana vidonda vya tumbo aseme kabla hajameza.

Halafu mpimeni presha leo, mwache asome namba mwenyewe. Ila akianza kubanwa kifua au kuishiwa pumzi hapo hakuna cha famasi, bajaji moja kwa moja hospitali.