Kwa nini Waogoni bado wanadai uwazi

Umeuliza kwa nini watu wa Ogoni, kule Niger Delta nchini Nigeria, bado wanalalamika ilhali usafishaji wa mafuta yaliyomwagika kwao ulizinduliwa tangu 2016. Ni kwa sababu kabla ya hapo walishawahi kuambiwa kazi imekwisha na haikuwa kweli. Ripoti ya 2011 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikuta mafuta katika maeneo yaliyokwishatangazwa kuwa safi, na kwingine yalikuwa yamezama mita 5 au zaidi ardhini. Ukipima udongo wa juu tu, utasema pamepona.

Nisisioken Ogale, kijiji kimojawapo cha Ogoni, ndiko kunakoniuma zaidi. Maji ya visima yalikutwa na benzini, kemikali inayoleta saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na watu walikuwa wanayanywa! Sasa hapo nani atatosheka na neno la mkandarasi? Sampuli zichukuliwe wanakijiji wakiwepo, zipimwe na maabara huru, majibu yasomwe hadharani kwa lugha yao, na ijulikane nani kapewa zabuni na kwa fedha kiasi gani. Maji safi yatangulie, maana UNEP yenyewe ilikadiria kuyarejesha mazingira kungechukua miaka 25 hadi 30.