Orodha ya Jeni Haijisemei: Ushauri kwa Anayeanza Uchambuzi wa Njia na Mitandao

Mtafiti anapobaki na orodha ya jeni ambazo kiwango chake cha utendaji kimebadilika, hushawishika kuipakia kwenye tovuti ya uchambuzi na kunakili njia ya kibiolojia (kundi la jeni zinazoshirikiana katika kazi moja ya seli) iliyoshika nafasi ya kwanza. Mimi, kwa muda wote niliofanya kazi hii, huanza na swali jingine: jeni hizi zimelinganishwa na zipi?

Uchambuzi huu hupima kama jeni za njia fulani zimo katika orodha kwa wingi unaozidi ule wa bahati, na bahati hiyo hukadiriwa kutokana na jeni za usuli, yaani jeni zote ambazo orodha inalinganishwa nazo. Tuseme umepima RNA, yaani nakala zinazoonyesha jeni zipi zinatumika, ya seli za ini zilizopewa dawa. Ukichukua kuwa usuli jeni zote za binadamu zinazotoa protini, ambazo ni takriban 20,000, njia za umetaboli wa mafuta zitajitokeza hata kama dawa iligusa jeni bila kuchagua, kwa kuwa jeni ambazo ini halizitumii hazikuwa na nafasi ya kuingia katika orodha tangu mwanzo. Usuli ufaao ni jeni zilizoonekana katika sampuli zako, na zana nyingi huruhusu kuupakia, ingawa sehemu hiyo mara nyingi imefichwa pembeni.

Kagua pia majina. Excel iliwahi kugeuza SEPT2 kuwa tarehe, hadi jeni hiyo ikaitwa SEPTIN2. Mafaili ya zamani bado yana kasoro hiyo.

Njia ikishajitokeza, fungua jeni zilizoibeba. Katika KEGG, hifadhidata ya njia za kibiolojia, njia ya ugonjwa wa Parkinson hutokea mara kwa mara katika tafiti zisizohusu ubongo kabisa. Ukitazama ndani unakuta jeni NDUFS1, COX4I1 na nyingine za mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), ambazo zimo vilevile katika njia ya Alzheimer. Hapo habari ni uzalishaji wa nishati, si ugonjwa.

Mitandao, yaani michoro ya protini zinazohusiana, inahitaji ukali zaidi. STRING, hifadhidata ya uhusiano wa protini, huunganisha protini hata kwa sababu ya kutajwa pamoja katika makala, hivyo TP53, jeni ya saratani iliyochunguzwa kupita kiasi, hukaa katikati ya karibu kila mchoro. Mimi hupandisha kiwango cha chini cha uhakika wa viungo kutoka 0.4 hadi 0.7, huzima ushahidi wa maandishi, kisha hulinganisha mtandao wangu na mitandao ya orodha za kubahatisha zenye jeni zilizo na viungo vingi kiasi hichohicho. TP53 ikibaki katikati baada ya hapo, ndipo ninapoanza kuiandikia aya.