Uchovu miezi 4 baada ya UVIKO-19: mpime akiwa amesimama

Pole na kazi, daktari. Unasema mgonjwa wako bado anachoka na moyo unamwenda mbio miezi 4 baada ya UVIKO-19, na picha ya kifua haina kasoro. Mwamini. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha hali hii ya UVIKO-19 ya muda mrefu. Kwanza ondoa upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kisukari na kifua kikuu.

Kisha alale chali dakika 5, pima mapigo na presha. Asimame tuli bila kuegemea, rudia kila dakika hadi ya 10. Kwa mtu mzima, mapigo yakiongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika kuliko alipolala na kubaki juu bila presha kushuka, mfumo wa neva unaoongoza moyo umeyumba. Aongeze maji, na chumvi pia kama hana shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo wala figo.

Muulize: akifua nguo leo, kesho au keshokutwa anabaki kitandani hoi? Kama ndiyo, tafadhali usimwambie ajikaze kwa mazoezi, utamzidishia. Agawe kazi vipande vipande, apumzike kabla hajachoka.

Akizirai, akiumwa kifua, au oksijeni ikishuka anapotembea, mpe rufaa siku hiyohiyo.