Kwa mnaoanza kusoma magazeti ya kejeli ya Istanbul: tarehe kwanza, hoja baadaye

Vijana, rasimu zenu zinatia moyo, lakini kosa ni lilelile la waliowatangulia: kugeuza tarehe vibaya. Hebu tulimalize.

1. Tarehe. Chukua ile katuni maarufu ya gazeti la Hayal: Karagöz amefungwa minyororo, Hacivat (mwenzake katika michezo ya vivuli ya Kituruki) anamuuliza kulikoni, naye Karagöz anajibu kwamba huo ndio uhuru ndani ya mipaka ya sheria. Maneno hayo yanakipiga kijembe kifungu cha 12, kilichosema magazeti yako huru ndani ya mipaka ya sheria, cha katiba ya Dola ya Osmani iliyotangazwa tarehe 23 Desemba 1876. Katuni ni ya Februari 1292 kwa kalenda ya Rumi, kalenda ya jua ya serikali ya Osmani. Mgeni anajumlisha 584, anapata Februari 1876, kisha anaandika kurasa tatu akimsifu mhariri Teodor Kasap kwa kuikejeli katiba miezi kumi kabla haijaandikwa! Hoja nzima inaanguka, na kosa ni la mwaka mmoja tu.

Mwaka wa Rumi unaanza Machi. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya mwaka. Machi hadi Desemba, ongeza 584. Januari na Februari, ongeza 585. Halafu, kwa karne ya 19, sogeza siku 12 mbele, na hapo chunga: tarehe 20 Desemba ya Rumi inaangukia Januari mosi ya mwaka unaofuata. Kânunuevvel ni Desemba, Kânunusani ni Januari. Macho yaliyochoka huyachanganya. Wala usidhani kila mwaka uliochapishwa ni wa Hijria. Februari hiyohiyo ya 1877 ni 1294 kwa Hijria na 1292 kwa Rumi. Andika zote tatu kwenye kadi yako, kila toleo, bila uvivu.

2. Mfuate mhariri, usilifuate jina la gazeti. Diyojen, gazeti la kejeli la Kasap kabla ya Hayal, lilifungwa Januari 1873; Kasap akaja na Çıngıraklı Tatar, kisha Hayal. Ukiishia kwenye jina la kwanza, utaripoti kifo cha mtu aliye hai.

3. Msimtupie Sultani Abdülhamid II kila lawama. Alitawazwa Agosti 1876. Diyojen lilifungwa enzi za Sultani Abdülaziz, wakati kulikuwa na kanuni za magazeti za 1864, zilizodai leseni, na amri ya 1867 iliyoiruhusu serikali kufunga gazeti bila kupitia mahakamani. Amri hiyo isomeni neno kwa neno, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini hamtapata faili la kesi katika ufungaji mwingi mnaoutafuta. Kesi ya Kasap ya 1877, kwa katuni ile ya minyororo, ni tofauti: yeye alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

4. Sheria iliyokwama nayo ni ushahidi. Mwaka 1877 wabunge walikataa pendekezo la kupiga marufuku magazeti ya kejeli, lililokuwa ndani ya muswada wa sheria ya magazeti, na muswada ule haukupata kuwa sheria. Hata hivyo magazeti hayo yalitoweka Istanbul hadi 1908. Anayetaka kujua yalizimwaje aache kurasa za sheria, aanze na leseni: nani aliomba, nani alinyimwa, mwaka gani. Na mwaka huo, tafadhali, augeuze kwa usahihi.