Shangazi, ninaona haya kumlilia mbwa wangu

Msomaji wa Limuru ameniandikia kwamba Simba, mbwa aliyeishi naye kwa miaka 15, alilegea miguu ya nyuma, akaacha kula, na hatimaye daktari wa mifugo akamdunga sindano ya kumwondolea mateso. Dakika moja hivi baada ya moyo kusimama, Simba alivuta pumzi kubwa macho yakiwa wazi, na tangu hapo msomaji huyu anaamini kwamba mbwa wake alikuwa akimsihi asimuue. Kaka zake nao wanamcheka, wakisema ni mbwa tu.

Ndugu yangu, pole sana. Nitaanza na ile pumzi, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Dawa inayotumiwa sana kwa kazi hiyo ni pentobarbital, ambayo ni dawa ya usingizi inayotolewa kwa kiwango kikubwa mno. Ikishaingia mshipani, mnyama hupoteza fahamu kwa muda mfupi sana, na baada ya hapo ndipo upumuaji na moyo husimama. Pumzi inayofuata, misuli kutetemeka, hata mkojo kutoka, ni mambo ambayo mwili hujifanyia wenyewe bila fahamu yoyote, na macho ya mbwa kwa kawaida hubaki wazi anapokufa. Ulistahili kuelezwa hayo kabla ya sindano. Simba hakuwa akikusihi, ndugu yangu. Wakati huo alikuwa hasikii tena maumivu wala hofu.

Umeniandikia pia kwamba miezi ya mwisho ulikuwa ukimlainishia ugali kwa mchuzi wa omena na kumbeba hadi nyasini alfajiri ili ajisaidie. Mtu aliyemtunza mnyama wake hivyo, kisha akakubali kumwachilia alipokuwa hawezi tena kusimama, hakumsaliti.

Kuhusu kaka zako, usibishane nao. Huzuni yako haina matanga, haina majirani wanaokuja kukaa nawe, na huwezi kuiombea ruhusa kazini, ndiyo maana inakulemea hivi. Tafuta mtu mmoja aliyemjua Simba, mzungumze habari zake kwa kirefu. Binti yako mdogo mwambie waziwazi kwamba Simba amekufa na hatarudi. Ukimwambia amelala, huenda akaanza kuogopa kwenda kulala.

Yule mtoto wa mbwa uliyeahidiwa na jirani usimchukue sasa. Mpokee siku utakapomtaka kwa ajili yake mwenyewe, kwani si haki kumlea huku ukimdai awe Simba.

Ikiwa wiki zitapita na bado huli wala hulali, nenda katika kituo cha afya kilicho karibu uombe kuonana na mshauri nasaha, na umweleze bila kuficha kwamba unamlilia mbwa.