Kabla hujamkatia mama tiketi ya New York

Watu wanaotaka kuleta wazazi wao huku New York huniuliza kwanza umbali. Kutoka Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka angani ni kama kilomita 12,400. Lakini hakuna ndege ya moja kwa moja, kwa hiyo mzazi wako hatapita kwenye mstari huo. Mama yangu alipitia Doha: karibu kilomita 3,800 za kwanza, kisha nyingine kama 10,800. Kilichotusumbua sisi, hata hivyo, ni saa.

Tiketi yake iliandikwa Jumapili, 00:40. Nyumbani Tabata kila mtu akajua mama anasafiri Jumapili usiku. Jumamosi saa mbili usiku nikampigia kumuuliza kama ameshafunga mizigo, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, si kesho? Sasa hivi nasuka nywele." Moyo ulinipasuka. 00:40 ya Jumapili ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili! Shemeji alimpakia kwenye gari na nywele zimesukwa nusu, kitambaa kichwani, na wakawahi kwa neema ya Mungu tu. Tangu siku hiyo, tiketi yoyote inayoanza na 00 au 01 naisema kwa Kiswahili kamili: usiku wa kuamkia siku fulani, uwe uwanjani kuanzia saa tatu.

Mtego wa pili uko katikati ya tiketi. Kutoka Doha iliandikwa 08:30, kufika New York 15:30. Kaka yangu akatoa, akapata saa saba, na muda huo ulipopita bila habari akaanza kunipigia kwa hofu. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Doha na Dar saa zao ni sawa, lakini New York iko nyuma kwa saa 7 kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 8 miezi ya baridi. Mama alikaa angani saa 14 kwa kipande hicho peke yake. Ukijumlisha yote, tangu Dar hadi kutua, ni saa 21 na dakika 50.

Kwa mtu wa miaka 68, huo ni muda mrefu wa kukaa. Alishuka miguu imevimba, viatu havimwingii. Mchagulie kiti cha njiani, mwambie ainuke na kutembea mara kwa mara, anywe maji. Kama anatumia dawa za kila siku, muulizeni daktari wake mapema azimeze saa ngapi, na zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja; Kenya Airways ilianza safari hiyo Oktoba 2018, kama saa 15 hivi. Kwa mzee asiyejua Kiingereza, mimi ningeifikiria kwa makini, ingawa bado lazima afike Nairobi kwanza.

Kurudi ni haraka zaidi. Upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege, hivyo New York hadi Doha mama alitumia saa 12 na nusu. Safari hiyo nilimwandikia saa zote kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na shemeji nikampa nakala.